Nafasi ya Mtu wa Ishirini na Moja

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi wakazi wa Babati tumekulia kando ya ziwa letu dogo, lenye viboko wake na mitumbwi yake, na kwa wengi wetu ziwa hilo ndilo lililokuwa bahari. Katika ukoo wetu wapo wazee waliolima, wakalea na kusomesha hadi nywele zikageuka mvi, lakini maji ya chumvi hawakuwahi kuyatia machoni. Kwa hiyo ulipofika mwaka 2025, tuliamua kwamba wakati wa likizo ya Juni tutaipeleka jamaa yote Unguja. Mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu, nikakabidhiwa daftari na kalamu. Anayeshika daftari la safari ya ukoo huanza akidhani amepewa kazi ya hesabu, kumbe amepewa kazi ya kupima mioyo.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ina mafunzo yake. Watu wengi huamini kwamba mkiwa kundi, kila kitu hupungua bei. Sivyo. Nauli ya treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, imepangwa na mamlaka. Uende peke yako au uende na kijiji kizima, tiketi ni ileile, ila mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Hapo hakuna wa kubembelezwa. Kwenye basi mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kinachopangwa ni kiwango cha juu cha nauli, na mwenye gari hakatazwi kushuka chini yake. Kukodi gari zima nako si lazima kuwe nafuu. Tulipouliza bei ya Coaster ya kutufikisha Dodoma kwa ile barabara ya lami ya Kondoa iliyozinduliwa mwaka 2018, mwenye gari alitutajia kiasi kilichozidi nauli zetu zote tukikusanya. Sababu yake ilikuwa ya haki: gari lingerudi Babati tupu, na mafuta ya kurudi lazima mtu ayalipe. Basi tukanunua viti vyetu katika basi la kawaida, siku ya Jumanne, siku ambayo stendi haina msongamano, na hapo tukapunguziwa bila maneno mengi.

Hapo ndipo nilipotambua siri ya jambo hili. Muuzaji hapunguzi bei kwa sababu anawapenda watu wengi. Anapunguza kwa sababu anaogopa kiti kitupu. Mkulima wa hapa kwetu anaweza kuyaweka mahindi yake ghalani akingoja bei ipande. Hata mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ikaanguka vibaya huku kwetu, wapo waliozifungia mbaazi zao wakasubiri. Lakini kitanda kilicholala kitupu jana hakiuziki leo. Kiti cha boti iliyokwisha kung'oa nanga hakina mnunuzi tena. Kwa hiyo kundi linapokwenda kuomba punguzo, halipeleki wingi wake tu, linapeleka uhakika. Linasema: tutakuja siku fulani, tuko idadi fulani, na sehemu ya fedha ndiyo hii. Kundi lisilo na uhakika ni kelele tu, na hakuna anayepunguza bei kwa ajili ya kelele.

Nikaandika orodha: watu wazima 20 na watoto 6. Nikaipigia simu nyumba moja ya wageni kule Unguja. Masika yalikuwa yamepita, na watalii wa Julai walikuwa bado hawajafika. Mwenyeji akasema malazi, chakula na gari la matembezi kwa siku zote tulizotaka ni shilingi 126,000 kwa mtu mzima. Kisha akaongeza: wakilipa 20, wa 21 ni bure.

Jambo hili si geni duniani. Kwenye zile meli kubwa za kitalii za ughaibuni, kampuni nyingi zina desturi kwamba kundi likilipia abiria 16, hutolewa nafasi moja ya bure, ila kodi na ada za bandari hulipwa. Aghalabu nafasi hiyo huchukuliwa na aliyelikusanya kundi, au fedha yake hugawanywa kwa wote. Wenzetu wamelizoea jambo hilo. Sisi lilitukuta kama mtu aliyeokota kitu njiani, na kila mmoja akawa na shauri lake.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mtu wa biashara, alisema tumchukue rafiki yake wa Bagara, aliyekuwa tayari kulipa bei kamili, na fedha yake tuigawane. Mama alikuwa kimya akichambua mchicha. Alipomaliza akasema, “Na Shangazi yenu wa Magugu?”

Shangazi ni dada yake marehemu baba, naye ni mjane. Tulipomwalika mara ya kwanza alisema magoti hayamruhusu kusafiri. Wote tulijua kwamba magoti yale humpeleka shambani kila siku alfajiri. Lakini mtu mzima akikupa sababu, adabu ni kuipokea.

Usiku ule nilikaa na daftari langu. Tukimuuzia rafiki wa kaka ile nafasi, kila mmoja wetu angelipa shilingi 119,700. Shangazi akija kwa nafasi ya bure, kila mmoja wetu angelipa 126,000 zake kamili. Tofauti ni shilingi 6,300 kwa mtu. Ndugu msomaji, fedha hiyo si nyingi wala si ya kudharau. Kwa mwenye watoto wa shule ni madaftari. Sikumwona kaka kuwa mtu mbaya, maana naye alikuwa akiwafikiria wenye kipato kidogo. Nilipowasomea hesabu ile asubuhi, yeye mwenyewe ndiye aliyesema wa kwanza, “Basi mwiteni Shangazi.”

Nikaenda Magugu. Nilimwamkia, nikanywa chai, nikazunguka weee, hatimaye nikamweleza kwamba ipo nafasi isiyolipiwa. Alinitazama kwa muda. “Mwanangu,” akasema, “nyanya ya nyongeza haichaguliwi. Muuzaji huokota yoyote akaitupia juu ya fungu. Sitaki kwenda Unguja nikiwa nyanya ya nyongeza.”

Sikuwa na jibu. Nikamsomea daftari zima, pamoja na bei ya mwenyeji. Shangazi hakusoma sana, lakini ameuza mpunga maisha yake yote. Akauliza: hiyo bure imetoka kwa nani? Nikasema imetoka kwa wingi wetu. “Basi ni ya wote,” akasema. “Gawanyeni kwa ishirini na mmoja, nami nihesabiwe.” Tukagawanya: shilingi 2,520,000 kwa watu 21 ni 120,000 kila mmoja. Yaani kati ya kumwacha Shangazi nyumbani na kwenda naye akiwa mlipaji kama sisi, tofauti ilikuwa shilingi 300 kwa kichwa.

Fedha taslimu hakuwa nayo, ila mchele wa mavuno alikuwa nao. Kila nyumba katika ukoo wetu hula wali, na mchele wa Magugu ndio tunaouhangaikia sokoni. Tukanunua kwake kilo 60 kwa bei ya sokoni ya siku ile, 2,000 kwa kilo, na mchango wake ukatimia mbele ya wote. Nauli zake zilitoka katika mfuko wa ukoo, kama ilivyokuwa kwa kila mzee aliyepita miaka 60. Katika daftari langu hakuna jina lililoandikwa “bure”.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mwenye kushika orodha hana budi kulisema, hata kama atachukiwa. Kijana mmoja wetu alishauri kwamba watoto wawili wachanga, kwa kuwa wanapakatwa, wasiandikwe kabisa kwenye orodha ya boti, tuondokane na usumbufu. Nilikataa. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, zote mbili zilikuwa zimebeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mamia ya watu walikufa. Watu walitafuta majina ya ndugu zao katika karatasi ambazo majina hayo hayakuwamo. Omba kupunguziwa nauli, omba kupunguziwa bei ya chumba, lakini usiombe kupunguziwa idadi. Mtoto hata kama halipiwi, aandikwe. Na chombo kikijaa, kundi lisubiri kingine, hata kama punguzo litapotea.

Tulivuka salama. Bahari ilichafuka kidogo katikati, wazee wakashika viti vyao kwa nguvu. Shangazi alikaa dirishani. Siku ya pili, pale ufukweni, alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. Magoti hayakutajwa siku zote zile.

Tangu wakati huo watu hunijia kuuliza namna ya kupanga safari ya ukoo kwa gharama nafuu. Huwaambia hivi: anzeni kukusanya mapema, chagueni siku ambazo wengine hawasafiri, ulizeni watoto hulipa nini, ulizeni mtu wa ngapi huenda bure, na mtake bei iandikwe. Hayo ni ya daftari. Kisha huwaambia la pili: kabla ya kuligawa punguzo, wasomeni tena wale waliosema hawaji. Katika kila ukoo yupo mwenye magoti yanayouma kila michango inapotajwa. Punguzo ni tunda la wingi wenu, na huo wingi haujatimia kama yeye amebaki nyumbani. Nendeni mkamuulize kwa heshima, na mkifika kwake chukueni na daftari, kwa maana huenda hesabu akaijua kuliko ninyi.