Besi Kwanza

Kwa cheo nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Idete. Jioni nilikuwa mwalimu wa kwaya, na nikiulizwa nimefanya kazi gani maishani, hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza.

Muziki mkubwa wa Ulaya uliingia bonde la Kilombero kwa mlango wa kanisa. Tulijifunza kwa nota za do-re-mi zilizoandikwa kwenye karatasi za manila, kila sauti na mstari wake. Kwa njia hiyo kwaya ya kijijini iliweza kuimba “Aleluya” ya Handel kila Pasaka. Lakini baada ya muda niligundua jambo lililonisumbua sana: mwimbaji wa sauti ya pili aliijua sauti ya pili tu. Aliuimba wimbo miaka nenda rudi na hajawahi kuusikia.

Ndipo nikaanza kuwaketisha wasikilize. Redio kaseti juu ya meza, betri mpya, hakuna kuimba. “Mfuateni besi kwanza,” niliwaambia, “wengine waacheni wapite.” Katika “Aleluya” kuna mahali Handel anatangaza utawala wa milele: besi wanaanza peke yao, sauti ya tatu inadaka wimbo uleule, kisha sauti ya pili, mwisho ya kwanza, na kila anayeingia anawakuta wenzake wako njiani. Baadaye sauti ya kwanza inashikilia noti moja ndefu, inapanda ngazi moja, inashikilia tena, huku wengine wakishangilia chini yake. Nilikuwa nasimamisha kaseti hapo na kuirudisha, hata mama mmoja wa sauti ya pili akasema, “Mwalimu, kumbe sisi ndio tuliokuwa tunawabeba!”

Msimu wa mpunga kwaya ilipungua, maana watu walihamia mashambani kuamia ndege. Nikawafuata huko na redio yangu. Chini ya dungu niliwapigia Simfoni ya Sita ya Beethoven, iliyochezwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Sikuwaambia inahusu nini. Walipofika sehemu ya nne, nyuzi nzito zikaanza kunguruma kwa mbali, na fidla zikadondosha matone machache. Mzee mmoja akainua kidole. “Mvua hiyo inatokea Udzungwa. Ngojeni radi.” Radi ikapiga! Beethoven ameziweka ngoma kubwa zinazopiga radi hiyo katika sehemu hiyo peke yake, simfoni nzima. Mzee yule alizitambua kabla hazijalia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomtambulisha msikilizaji mpya kwa muziki huu kwa kumsomea maisha ya mtunzi, alizaliwa lini, alikufa kwa ugonjwa gani. Mpe kwanza kitu cha kukamata kwa sikio. Historia ije inapodaiwa. Hapa Idete ilidaiwa kwa sababu tuna gereza. Nilipowasimulia kwamba Messiah, kazi kubwa yenye hiyo “Aleluya”, ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, sehemu ya mapato iliwakomboa watu waliofungwa kwa madeni, waimbaji walinihoji hadi taa ikaisha mafuta. Nani alipokea fedha? Walitoka siku ileile? Pasaka iliyofuata waliimba kama watu wenye habari ya kupeleka.

Wala sikuwafundisha kwamba ukubwa unatoka Ulaya peke yake. Baada ya kuwasikilizisha pia muziki wa Bach, niliwapigia Misa Baba Yetu ya Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, na masikio yaliyozoea kumfuata besi yaliifaidi zaidi kuliko zamani. Na vijana wanaodhani fidla si za watu weusi nawatajia Kinshasa, ambako Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfoni mwaka 1994. Wengi wa wanamuziki wake walianza bila kujua hata kushika ala, na wamefika hadi Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Nimestaafu ualimu, kwaya bado ninayo. Sasa wanasikiliza kwenye simu, na Kyrie ya Requiem ya Mozart wameiomba wenyewe. Humo besi ndio wanaoanza, na sauti ya pili haiwaigi: inawajibu kwa wimbo wake mwingine kabisa, unaokimbia. Mazoezi ni Jumamosi, na akina mama wa sauti ya pili wameshanidai nakala zao.