Viazi vilioza Ireland, mahindi yakawashinda kupika

MSOMAJI mpenzi, ukijaaliwa kufika Bunratty, katika kaunti ya Clare huko Ireland, usiishie kwenye ngome inayopigwa picha na kila mtalii. Pita uingie katika nyumba za zamani zilizoezekwa kwa nyasi. Moshi utakaokupokea si wa kuni wala wa makaa, bali wa udongo wa kinamasi uliokatwa vipande kama matofali na kukaushwa juani.

Kwa moto huo, mama wa Kiayalandi alioka mkate usio na hamira: unga wa ngano, chumvi, magadi ya kupikia na mtindi. Uchachu wa mtindi ukikutana na magadi, mkate huumuka. Aliutia katika sufuria zito la chuma na kupalia moto juu ya kifuniko, jambo ambalo akina mama wa Pwani hawahitaji kufunzwa.

Lakini mkate huo ulienea katika karne ya 19. Hapo awali chakula cha maskini kilikuwa viazi, na viazi tena. Vilichemshwa na maganda yake, vikamwagwa katika kikapu cha fito, na jamii nzima ikakizunguka, kila mtu akimenya kwa kucha na kuchovya katika chumvi au mtindi. Kibarua wa shamba aliweza kumaliza kilo 6 kwa siku! Usicheke, mara nyingi hakuwa na kingine.

Mwaka wa 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani. Maskini wengi walipanda aina moja tu, lumper, nayo ikaoza. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama, ilhali nafaka na ng'ombe wakizidi kupakiwa melini kwenda Uingereza, iliyoitawala Ireland wakati huo.

Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza mahindi kutoka Marekani. Naam, mahindi haya haya ya ugali wako. Yalikuwa makavu na magumu kama changarawe, vinu vya kuyasaga vilikuwa vichache, na akina nyanya hawakujua kuyapika. Watu waliyala yakiwa nusu mabichi, wakaumwa na matumbo, wakayabandika jina la kiberiti cha Peel.

Baadaye walijifunza. Unga huo wa manjano ukakorogwa uji katika sufuria lile lile, na ukabaki katika jikoni za maskini miaka mingi baada ya viazi kurudi.