Mwanga Usiosafiri

Uko mwanga unaosafiri, na uko mwanga usiosafiri. Taa za wavuvi wa dagaa tunaziona usiku kutoka ufukweni hapa Bagamoyo. Ule wa pili tumefundishwa na vijana wa jumuiya yetu wanaosoma fizikia.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kuwa hadubini ya kawaida, hata lenzi yake iwe safi namna gani, haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko kama nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Hiyo ni nanomita 200 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga ukiangukia kipande cha dhahabu kidogo kuliko hapo, elektroni zake hutikisika pamoja, na sehemu ya mwanga hubaki imeng'ang'ania juu ya dhahabu. Ukisogea mbali kidogo tu, umekwisha kufifia. Lenzi haiuoni kwa sababu haufiki kwenye lenzi.

Mwaka 1928 Edward Synge wa Ireland alipendekeza dawa yake: kusogea. Miaka ya 1980 wataalamu walifaulu. Leo ncha nyembamba hupitishwa karibu kabisa na dhahabu, na picha hupatikana nukta kwa nukta, polepole.

Sayansi hii haithibitishi imani. Lakini imetupa neno la kusema juu ya mama mmoja wa jumuiya yetu. Mwanawe alipotea baharini, na mwili haukuonekana. Mama akaacha kusali. Alituambia, "Ndugu zangu, msinihubirie wema wa Mungu. Ninyi mko ng'ambo."

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda jioni baada ya jioni, tukaketi naye mkekani, tukachambua mchele, tukanyamaza. Siku moja, baada ya miezi mingi, alisema, "Leo salini rozari. Mimi nitasikiliza."

Kanisani bado hajarudi. Hatusemi amepona, wala hatumhimizi. Ila tunaamini kwamba Kristo hakutukomboa kwa kututazama kutoka juu. Alizaliwa kwetu, akala nasi, akalia kaburini kwa rafiki yake. Neema nyingine haifiki mbali. Ndiyo maana kesho jioni, Mungu akipenda, tutakwenda tena.