Safari ya Maswa, na Kinanda Kilichokuwa Kikihema

Wengi wenu mmekwisha kupita Maswa bila kushuka garini, nasi hatuwalaumu. Tangu lami ilipotandikwa kutoka Mwigumbi hata Maswa, kama kilometa 50, na kuendelea Bariadi mpaka Lamadi karibu na Ziwa, mtu aweza kupanda gari Shinyanga, akasinzia, akaamka Bariadi. Sisi tulishuka, kwa kuwa tulikuwa na kazi pale. Tulikuwa wawili, mwandishi huyu na kijana mmoja seremala, na mizigo yetu ilikuwa ngozi mbili za kondoo zilizolainishwa kwa shabu, blanketi kuukuu la sufu, sufuria ya gundi, vijiti vya udi, na mkoba wa vyombo. Kondakta alituuliza kama tunakwenda kufungua duka la uganga.

Nchi ya Maswa ni nchi wazi. Macho huenda mbali bila kuzuiwa, yakakutana na mbuyu mmoja hapa, na mwingine kule, kama wazee walionuniana. Ulikuwa mwezi wa saba. Watu walikuwa wakichuma pamba, na kila ua tulilolipita lilikuwa na chungu jeupe limeanikwa, na mtoto amewekwa kufukuza kuku. Mito ilikuwa mchanga mtupu, ila dimbwi hapa na pale, na ng'ombe wamelizunguka. Kila aliyekutana nasi asubuhi alitupa salamu ya Kisukuma, Ng'wangaluka, akangoja tuitikie sawasawa kabla ya kuuliza habari nyingine yo yote.

Zamani jina la Maswa lilienea kuliko sasa. Bariadi nayo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo, na hata leo Pori la Akiba la Maswa liko mbali upande wa mashariki, mpakani mwa Serengeti, na mgeni alitafutaye karibu na mji wa Maswa atachoka bure. Mkoa wa Simiyu ulianza mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa ilihesabiwa katika Shinyanga. Tena iko Malampaka, stesheni ya reli iendayo Mwanza. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo mzigo mzito wa kuja Maswa uliweza kushushwa Malampaka, ukamaliziwa kwa gari la ng'ombe. Ndivyo kilivyokuja kinanda kilichotuita, kama wazee wanavyosimulia: ndani ya sanduku la mbao, kimefungwa kwa majani makavu, na ng'ombe wanne wakikivuta.

Kinanda chenyewe ni cha miguu, cha namna ya Kimarekani. Kanisa lile ni dogo, la matofali ya kuchoma na bati, na kinanda kimewekwa upande wa kushoto mbali na dirisha. Anayekipiga ni Bibi mmoja aliyepita miaka sabini, naye alianza angali msichana. Hatutalitaja jina lake, maana ametukataza, akisema walio wengi Maswa wamjua na walio mbali hawana haja naye.

Shida ilikuwa hii. Kinanda kilihema. Bibi alipokanyaga, kwanza ulisikia kofi la ngozi kavu, kisha mluzi, kisha mlio wa kamani kama mlango usiotiwa mafuta, na mwisho kikanyagio kikagonga sakafu. Wimbo wa furaha, wenye ngoma na vigelegele, uliyafunika hayo yote. Lakini wakati wa kimya, na hasa siku ya mazishi, watu walisikia kuhema kuliko sauti. Watoto walikiita "ng'ombe mgonjwa". Kamati ya kanisa ilikwisha kuchanga fedha za kununua kinanda cha umeme, na iliamua ya kwamba, kama hiki cha kale hakitanyamaza kabla ya mavuno kwisha, kitapelekwa ghalani. Kila mtu ajuaye ghala la Usukuma ajua maana yake: mchwa hawangoji mwaka wa pili.

Mwenyekiti alitueleza neno hili kwa upole, mbele ya Bibi mwenyewe. Bibi hakubishana. Alisema tu, "Wanangu, nitengenezeeni miguu ya kinanda hiki, yangu mimi nitaivumilia."

Kabla ya kueleza kazi, imetupasa kueleza chombo. Wasukuma wajua mivukuto ya mhunzi: viriba viwili vya ngozi, kimoja hujaa wakati kingine kinabanwa, na upepo hupita katika mwanzi wa udongo mpaka motoni. Kinanda cha miguu kina mivukuto miwili vivyo hivyo, mmoja kwa kila mguu. Lakini moto haujali upepo ukija kwa mikupuo, wala mhunzi hajali kelele. Sauti ya wimbo yataka upepo ulio sawa. Kwa hiyo kati ya mivukuto na vilimi vya shaba huwekwa mvukuto wa tatu, ulio mkubwa, wenye kamani ndani. Huo ni kama kihenge cha mtama: miguu huleta kwa vipindi, nao hutoa kidogo kidogo siku zote.

Alexandre Debain wa Paris alipata hati ya kinanda alichokiita harmonium mwaka 1842, nacho husukuma upepo nje kupita vilimi. Wamarekani walifuata njia ya pili: mivukuto hufyonza upepo, na hewa ya nje huingia ndani kupitia vilimi pale kidole kinapofungua njia. Ndivyo walivyofanya Mason & Hamlin wa Boston, na ndivyo walivyofanya Estey wa Brattleboro katika Vermont, ambao peke yao walitengeneza zaidi ya vinanda 500,000. Huko Chicago, Bilhorn alitengeneza vidogo vya kukunjwa kama sanduku la safari, na vingi vya namna hiyo vilichukuliwa na wamisionari mpaka nchi za mbali. (Wenzetu wa Unguja wao walikijua zaidi kile cha Kihindi, kinachovukutwa kwa mkono, wakakitia katika taarabu, nacho kina kelele zake, lakini hiyo si habari ya leo.)

Sasa, katika kinanda cha kufyonza, mguu ukikanyaga, mvukuto hupanuka na kuvuta hewa kutoka kihenge. Mguu ukiinuliwa, kamani huubana mvukuto, na hewa ile hutupwa nje chini ya sanduku, karibu na viatu vya mpigaji. Kila tundu lina kilango cha ngozi, kifungukacho upande mmoja tu. Ngozi ikikauka hupiga ubao kofi kila inapofunga. Hilo ndilo kofi tulilolisikia.

Tulianza kwa kupima. Bibi alikanyaga mpaka kihenge kikavutika chote, akaacha, nasi tukahesabu mpaka kihenge kiliporudi mahali pake bila kibao kuguswa. Tulifika 5. Chombo kizima chapaswa kuvumilia hesabu ndefu kuliko hiyo mara nyingi. Kumbe basi nusu ya kazi ya miguu ya Bibi ilikuwa ikipotea katika nyufa! Na hapa liko jambo ambalo mafundi wengi hulipita: hewa inayopotea huongeza kelele mara mbili. Kwanza yenyewe hupiga mluzi. Pili humlazimisha mpigaji kukanyaga upesi upesi, na kila mkanyago unakuja na kofi lake na mgongo wake. Anayetaka mivukuto ya kimya na aanze kwa kuziba, kabla hajakata kitu.

Kutafuta nyufa katika kinanda cha kufyonza si kazi ngumu. Tuliwasha kijiti cha udi, kijana akakipitisha polepole kando ya kila mshono na kila kona, huku Bibi akikanyaga. Penye ufa moshi hupinda ukaingia ndani kama nyoka arudiye shimoni. Tulipata nyufa kumi na moja. Nyingi zilikuwa katika mikunjo ya kitambaa, maana mivukuto ile ilifunikwa kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mpira, na mpira ule umekauka ukawa unga. Mbili zilikuwa katika ubao wenyewe, uliopasuka kwa ukame.

Mtu mmoja wa kamati alituletea mpira wa ndani wa baiskeli, akisema ni bora kuliko ngozi. Tulimshukuru, lakini hatukuutumia katika mivukuto. Katika joto la Maswa mpira ule hupasuka upesi, tena ni mzito na haukunjiki vizuri. Ngozi nyembamba ya kondoo, iliyolainishwa kwa shabu, ndiyo waliyoitumia mafundi wa vinanda vikubwa vya makanisa ya Ulaya kwa miaka mingi. Tuliibandika kwa gundi ya moto, ile ya ngozi na mifupa. Gundi nyeupe ya dukani hushika sana, na hilo ndilo kosa lake: fundi atakayekuja baada yetu hataweza kuibandua pasipo kuharibu ubao, lakini gundi ya moto huachia kwa maji moto na subira.

Siku ya pili tulifika kwenye vilango. Tuliondoa ngozi ngumu, tukatia mpya laini ya tabaka mbili, ile ya ndani imegeuzwa upande wa manyoya uliokwanguliwa, ili ishuke juu ya ubao kama kiganja na si kama ubao juu ya ubao. Tukaona pia ya kuwa matundu ni machache na membamba. Hewa nyingi ikilazimishwa kupita mahali pembamba hukimbia, na hewa ikimbiayo hulia. Tukatoboa matundu manne zaidi katika kila mvukuto, kando ya yale ya kale, bila kuyagusa ya kale yenyewe. Kamani tulizipaka nta ya nyuki pale zinaposuguana na mbao, na chini ya kila kikanyagio tukapigilia kipande cha blanketi kilichokunjwa mara nne.

Mwisho tulitengeneza kijisanduku cha kutolea hewa. Kiliwekwa chini ya mivukuto, kimetandikwa blanketi pande zote za ndani, nacho kina vibao viwili vya kupishana, ili hewa ipinde mara mbili kabla ya kutoka. Sauti ikigonga sufu hupungua. Tulipima kwanza njia ile isiwe nyembamba kuliko matundu yote yakijumlishwa pamoja, maana ikiwa nyembamba vikanyagio huwa vizito, na mguu wa mzee hauna nguvu za kupotezwa. Kusema kweli kijisanduku kile kilisaidia kidogo tu. Kijana wetu alikipenda kuliko kazi nyingine zote, lakini sisi twaamini vilango na nyufa ndivyo vilivyoleta kimya, na mwenye siku moja tu ya kazi aache kijisanduku.

Siku ya tatu jioni tukapima tena. Bibi akakanyaga, akaacha, tukahesabu. Tulifika 40 kihenge kikiwa hakijarudi, watoto wakaacha kuhesabu nasi kwa kuchoka.

Jumapili watu walijaa hata mlangoni, wengine, twadhani, kwa ajili ya kusikia kama ng'ombe amepona. Bibi alikanyaga polepole, mara moja pale alipozoea kukanyaga mara tatu. Ulipofika wakati wa kimya tulisikia njiwa juu ya bati, na mtoto akikohoa nyuma, na kinanda. Mwenyekiti alitazama chini kwenye vikanyagio, kana kwamba hasadiki miguu inakwenda.

Baada ya ibada kamati ilikaa chini ya mkwaju. Vijana bado wanataka kinanda cha umeme, nasi hatuoni ubaya. Kina sauti nyingi, na fedha ni zao. Lakini umeme hukatika, na neno la ghala halikutajwa tena. Walikubaliana cha kale kibaki mahali pake.

Bibi alitungoja karibu na mlango. Tulidhani anataka kuaga. Akasema, "Mwalimu, zamani kuhema kulinifunika masikio. Sasa nasikia vilimi viwili vya juu havipatani." Tukarudi ndani, akavigusa, na ilikuwa kweli. Kilimi cha shaba kikikwanguliwa kidogo kwenye ncha hupanda sauti, kikikwanguliwa karibu na shina hushuka, lakini kazi hiyo yataka tupa nyembamba kuliko zile zetu, na mkono usio na haraka ya kuwahi gari. Tumemwahidi kurudi mwezi wa kumi, mvua zisijaanza.