Kutoka Kibuye hadi Guangzhou, safari huanza na daftari

UKIFIKA soko la Kibuye mjini Kisumu Jumapili asubuhi, itakubidi uwe na miguu mepesi. Hiyo ndiyo siku yake kubwa. Wachuuzi wa mitumba huwa wamekwisha kufungua marobota kabla jua halijapanda, mikokoteni inasukumana na bodaboda, na harufu ya omena inakufuata hadi upande wa viatu. Hapo ndipo nilipomkuta mama mmoja muuza mikoba, daftari la shule likiwa wazi mapajani, akipiga hesabu huku akiwajibu wateja bila kuinua kichwa.

Nilidhani anahesabu mauzo. Kumbe alikuwa akipanga safari ya kwenda Guangzhou, China.

Kwa miaka kumi na mitatu mama huyu amepanda basi la usiku hadi Nairobi, yapata kilomita 350, akachukua mikoba Eastleigh kwa watu walioileta kutoka China, na kurudi nayo usiku unaofuata. Kila mkono ambao mkoba unapitia hukata chake. Sasa chama chao cha akina mama kimemkopesha, naye ameamua kwenda mwenyewe kwenye chimbuko. Shamba la nyumbani hakuliweka rehani, aliniambia hivyo mara mbili, lakini karo ya kitindamimba wake imo humo humo ndani ya mtaji.

Kisumu kutegemea bidhaa za Asia si jambo la jana. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, maduka ya Wahindi hayakukawia. Tajiri Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alikuwa na maduka yake njia nzima ya reli hadi Uganda. Enzi hizo bidhaa zilimfuata mnunuzi hadi ziwani. Siku hizi mnunuzi ndiye anayezifuata, kwanza Dubai, kisha Guangzhou.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa kalenda, na kwa hilo nampa heko. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na takriban tarehe 20 Februari, na viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa wafanyakazi wakienda makwao. Aendaye wakati huo atazuru milango iliyofungwa. Kuna pia yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika kila Aprili na Oktoba. Ni mahali pa watu wa makontena mazima, na hoteli hupanda bei vibaya sana. Mchuuzi wa Kibuye hana haja nayo.

Viza hutafutwa Nairobi. Sindano ya homa ya manjano ni lazima ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hivyo kitunze. Anayebeba zaidi ya dola 5,000 taslimu sharti atangaze kwa forodha ya China akiingia.

Soko alilolilenga ni lile la Baiyun la bidhaa za ngozi, mtaani Sanyuanli, si mbali na stesheni ya reli. Malazi atatafuta Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia. Lugha haimtishi, kwa maana bei hubishaniwa kwa kikokotoo: muuzaji anabonyeza, nawe unabonyeza. Linalomtisha ni mikoba yenye majina makubwa ya Ulaya kwa bei ya kutupa. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia, na shehena ikinaswa huteketezwa. Deni la chama haliteketei nayo.

Tulipofika ukurasa wa usafirishaji, jirani yake auzaye vifaa vya simu, ambaye amekwenda China mara tatu, akachungulia na kuguna. Mama alikuwa amepiga hesabu kwa kilo. Mizigo ya melini inayochanganywa ndani ya kontena moja hulipiwa kwa ujazo, na mkoba ni hewa tupu iliyofungwa zipu. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 inameza mita za ujazo 0.12, yaani katoni nane tu zikitosha kwenye mita moja. Ukiitoa karatasi ya ndani utapunguza nafasi, lakini mikoba itafika Mombasa imekunjamana kama shati la mlevi. Kisha kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na mahitaji ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Kijana yule alimwita mama, akavuta kiti, wakaanza upya. Faida ya kila mkoba ikanywea kama barafu juani, ila haikwisha. Mama alinyamaza kwa muda, akafuta mikoba mikubwa ya safari na kuongeza pochi na mishipi, vitu vinavyolala bapa.

Lilibaki suala la simu. WhatsApp haifanyi kazi China kwa njia ya kawaida, na yeye alitegemea kuwatumia wateja picha akiwa sokoni. Itambidi aweke WeChat, na bintiye aliyebaki Kibuye aweke pia. Tena Guangzhou imetutangulia kwa saa tano. Maduka yakifunguliwa huko saa tatu asubuhi, Kisumu ni saa kumi alfajiri, jogoo ndio kwanza wanawika Manyatta.

Hapo mteja mmoja akauliza mkoba wa kahawia wenye kamba ndefu. Haukuwepo. Mama akamwomba radhi, akafungua ukurasa wa mwisho na kuandika: kahawia, kamba ndefu, dazani mbili.