Takata ya Kushoto

Miteremko ya Mbinga, ukiitazama kwa mbali, hufanana na ubao wa bao: ngoro za Wamatengo, vile vishimo vya kilimo chao, zimepangwa safu juu ya safu. Kutoka Mpepai hata Ziwa Nyasa, na ng'ambo kwa Wamalawi wauitao mchezo huu bawo, mtu wa visiwani hatakosa wa kushindana naye. Kanuni hupishana kijiji kwa kijiji. Hapa zafuatwa za bao la kiswahili.

Kila mchezaji huanza na kete 6 nyumbani, shimo la 5 kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yafuatayo kuumeni. Kete 22 zimo mkononi. Kwa mpango huo hakuna shimo lenye kete linalokabili jingine lenye kete, basi wa kwanza hana la kula, hutakata. Mwoga hutakata kuume, akazificha nyuma.

Mwenye kutaka vita huongeza kete yake katika shimo lililo jirani na nyumba upande wa kuume, akazitawanya zote 3 kushoto. Ya kwanza yaingia nyumbani. Ya pili na ya tatu zaangukia mashimo matupu: ya pili imeikabili nyumba ya adui, ya tatu imelikabili shimo lake lenye kete 2. Mcheza sataranji angeutambua ujasiri huu, wa kumtoa kitunda ili njia ifunguke.

Kula ni faradhi, na adui ana milango miwili. Akila kwa shimo la kete 2, ameangamia: kete aliyoipata yalala kichwani, na mshambuliaji ainamua ile iliyobaki, akaibeba nyumba nzima, kete 6 kwa mkupuo. Wangapi wamepotea hapo kwa kuionea huruma nyumba yao, wasitake kuigusa! Kumbe nyumba ndiyo inayopaswa kula.

Akila kwa nyumba, vita haijaisha. Mshambuliaji huzila zile kete 2 na kuzipanda kuanzia kichwa cha kuume. Ya pili yakuta kete nyingine 2 shimoni. Mkabala ni patupu, basi zote 3 zaendelea, na ya mwisho yatua pale pale, mbele ya nyumba ya adui, ambayo sasa ina kete 7.

Kwa nini kuililia nyumba hivyo? Kwa sababu mwenyewe, mtawanyo wa kula ukimwishia humo, ana hiari ya kulala au kusafiri. Akiipoteza, hiari hiyo imekwenda.

Lakini mshambuliaji naye amejivua nguo. Kete zake zi mbele, nyuma hana hata moja, na nyumba yake mwenyewe imefika 8. Adui mtulivu ataila tena ile kete ya mbele, kisha angoje.