Chupa Niliyoiosha kwa Sabuni

Niliosha chupa kwa sabuni ya vyombo. Kosa langu ndilo hilo, na hakuna aliyenituma.

Mimi ni mtoto wa Panda, Likasi. Kwetu vumbi la viwanda vya shaba na kobalti haliishi kuingia ndani, na mama zetu walitufundisha kusugua kila chombo kwa sabuni. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba kobalti katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga ilizidi yote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Utafiti huo ndio ulionivuta kwenye kazi hii ya kupima metali. Nikajiona najua metali zinakojificha.

Katika maabara niliyokwenda kusomea Ulaya tulitafuta protini ndani ya seli. Kila protini hutafutwa na kingamwili yake, na kila kingamwili hufungwa atomu za metali adimu yenye uzito wake, kama samariamu ya 154. Kisha leza huunguza kipande chembamba cha tishu ya mgonjwa nukta kwa nukta, kila nukta upana wa mikroni moja hivi, na mashine hupima uzito wa atomu zinazopeperuka. Protini kama arobaini huonekana kwenye picha moja. Kilichounguzwa hakirudi.

Protini ya 154 ilionekana kila mahali. Nilifurahi, nikaanza kuiandikia maelezo. Ndipo nikafungua picha ya kipande cha ulinganisho, ambacho sikukitia kingamwili hata moja. Nacho kilikuwa kinang'aa vilevile. Mwenzangu mmoja, mtu wa Lubumbashi, akaja, akatazama safu ya uzito wa 138, akaniuliza taratibu: “Kaka, chupa ya maji ya kusuuzia vipande uliiosha na nini?”

Sabuni ya vyombo inaweza kuwa na bariamu nyingi. Atomu nyingi za bariamu zina uzito wa 138. Zikishikana na oksijeni ya 16 ndani ya mashine, zinakuwa 154. Nilichokiita protini kilikuwa sabuni.

Vipande vya wagonjwa vilikuwa vimeshaungua, na vingine havikuwa na akiba. Watu wale walitoa tishu zao wakiamini zitajibu swali. Hazikujibu.

Wewe unayeanza, maji ya kazi hii yaweke kwenye chupa mpya ya plastiki isiyowahi kuona sabuni. Na anza na kipande cha ulinganisho. Kikitoka giza, ndipo uguse cha mgonjwa.